Picha za Mwezini ni Kumbukumbu za Kazi: Namna ya Kuzisoma

Picha inayotumika zaidi kila Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga Mwezi, anapotajwa si picha ya Neil Armstrong. Yule mtu aliyesimama peke yake kwenye udongo wa kijivu, mkono wa kushoto kaukunja, kioo cha kofia yake kina rangi ya dhahabu na buti zimejaa vumbi, ni Buzz Aldrin, aliyeshuka naye. Armstrong yumo pichani, lakini itabidi uikuze sana ndipo umwone: ni yule mtu mdogo mweupe anayeonekana ndani ya kioo cha kofia ya mwenzake. Yeye ndiye aliyekuwa na kamera.

Kosa hilo limerudiwa magazetini na mitandaoni kwa zaidi ya miaka 50, na ni rahisi kuona linakotoka. Tumezoea kwamba mkubwa wa shughuli ndiye anayepigwa picha, na mpiga picha ni mtu wa pembeni. Mwezini hapakuwa na mtu wa pembeni. Walikuwa wawili tu, wote wana kazi, na kupiga picha ilikuwa mojawapo ya kazi hizo, imepangwa kwenye ratiba pamoja na kuchota udongo na kusimika vyombo vya utafiti.

Naamini maswali karibu yote yanayoulizwa kuhusu picha hizi, mbona hakuna nyota, mbona kuna misalaba midogo, mbona vivuli haviendi sambamba, yanatokana na kuzitazama kama picha za ukumbusho au za matangazo. Zitazame kama kumbukumbu za kazi, tena kwa mfuatano zilivyopigwa, na mafumbo mengi yatajifumbua.

Nani alishika kamera

Apollo 11 ilitua kwenye Bahari ya Utulivu, ambayo ni uwanda mkavu wa Mwezini, tarehe 20 Julai 1969. Armstrong na Aldrin walikaa nje ya chombo chao kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, huku Michael Collins akizunguka juu kwenye chombo kikuu. Kwa kazi ya nje walikuwa na kamera moja ya kawaida ya picha za mnato, Hasselblad ya Kiswidi. Armstrong alipokwisha kushuka, Aldrin alimteremshia kamera hiyo kwa mkanda uliopita kwenye kapi, naye akaichomeka kwenye kishikizo kilichokuwa kifuani mwake. Kwa mujibu wa ratiba, kamera ilikaa kwake kwa sehemu kubwa ya muda huo. Basi kwa nini picha nyingi ni za Aldrin? Kwa sababu Armstrong ndiye aliyekuwa akipiga.

Kuna kipindi kamera ilikuwa kwa Aldrin. Kwenye kipindi hicho ndipo ilipopatikana ile picha ya alama ya buti ambayo karibu kila mtu ameiona. Watu huichukulia kuwa nembo ya hatua ya kwanza ya binadamu Mwezini, lakini si unyayo wa Armstrong wala si hatua ya kwanza. Aldrin alikuwa na jaribio la udongo: apige picha sehemu ambayo haijakanyagwa, aikanyage, kisha aipige tena, ili wataalamu wa udongo waone unavyobonyea na kingo zake zinavyosimama. Picha za kabla na za baada zipo zote, zimefuatana kwenye filamu ileile.

Aldrin pia alipiga mfululizo wa picha akijizungusha pale aliposimama. Katika mojawapo, yenye namba AS11-40-5886, Armstrong yuko karibu na chombo, ameipa kamera mgongo, anashughulika na vifaa. Ilipita miaka mingi kabla watu hawajatambua kwamba yule mtu wa pembeni ni Armstrong, na kwamba hiyo ndiyo picha pekee ya kamera hiyo inayomwonyesha vizuri, mwili mzima, akiwa kazini Mwezini. Wapo wanaolieleza jambo hili kama chuki kati ya watu wawili. Mimi sioni haja ya maelezo hayo wakati ratiba inatosha kueleza. Waliporudi ndani ya chombo, Aldrin alimpiga mwenzake picha ya uso, kofia ikiwa imevuliwa, macho yamechoka na tabasamu limemjaa. Ningekuwa mhariri, hiyo ndiyo ningeiweka kila jina la Armstrong linapotajwa.

Hizo namba nazo zina maana. AS ni Apollo na Saturn, yaani chombo na roketi iliyokirusha. 11 ni namba ya safari, 40 ni kasha la filamu, na 5886 ni namba ya picha. Ile maarufu ya Aldrin ni AS11-40-5903. Ukizijua namba unaweza kutazama iliyotangulia na iliyofuata, na hapo hadithi nyingi za mitandaoni huanza kupwaya, kwa kuwa karibu zote hujengwa juu ya picha moja iliyong'olewa kwenye mfuatano wake.

Katika Apollo 12, Novemba 1969, kila mtu alikuwa na kamera yake. Pete Conrad na Alan Bean walikuwa na mpango wa siri: walibeba kifaa kidogo cha kuchelewesha kamera kufyatuka, ili wapige picha moja wakiwa wote wawili kando ya Surveyor 3, chombo kisicho na watu kilichotangulia kutua hapo mwaka 1967. Walijua watu duniani wangejiuliza nani aliyewapiga. Muda ulipofika kifaa hakikuonekana, kimezama ndani ya mfuko uliojaa mawe na vumbi. Kilipopatikana ilikuwa kuchelewa. Bean alipostaafu akawa mchoraji, na picha ile ambayo haikupigwa akaichora kwa rangi.

Safari hizo mbili zilileta tatizo jingine nyumbani: ndani ya mavazi yale, watu wawili hawatofautiki. Ndiyo maana kuanzia picha za Apollo 14 utaona mistari myekundu kwenye kofia, mikono na miguu ya mmoja wao. Mwenye mistari ni kamanda.

Kamera isiyo na tundu la kutazamia

Hasselblad za Mwezini zilitokana na kamera ya kawaida ya kampuni hiyo, aina ya 500EL yenye mota ya kusogeza filamu, lakini zilibadilishwa sana. Lenzi ilikuwa Zeiss Biogon ya milimita 60 kutoka Ujerumani. Mwili wa kamera ulipakwa rangi ya fedha ili usipate joto kali juani. Vilainishi vya kawaida viliondolewa, kwa sababu kwenye ombwe, yaani mahali pasipo na hewa, hugeuka mvuke na kwenda kuganda kwenye kioo cha lenzi. Filamu ilikuwa ya milimita 70, nyembamba kuliko kawaida, hata kasha moja likabeba picha 160 za rangi au 200 za nyeusi na nyeupe.

Jambo kubwa ni kile kisichokuwepo. Kamera haikuwa na tundu la kuchungulia. Vazi la angani, likishajazwa hewa ndani ya ombwe, huwa gumu, na kofia haimruhusu mtu kuinamisha jicho hadi kifuani. Mwanaanga alilenga kwa kugeuza mwili mzima kuelekea anachotaka kupiga. Kwa hiyo walifanya mazoezi mengi duniani, wakitembea na kamera kwenye safari za kujifunza jiolojia, mpaka kifua kikazoea kulenga.

Hata hivyo makosa yapo, na ni mengi. Kuna picha zilizolala upande, kuna zilizokata kichwa, kuna zilizofyatuliwa kwa bahati mbaya zikanasa udongo mtupu au mkono. Hata ile picha maarufu ya Aldrin imeinama, na kwenye filamu halisi ukingo wa juu unapita karibu sana na kofia yake, hata ncha ya antena ya mkoba wa mgongoni imekatwa. Ile tunayoizoea, yenye anga jeusi la kutosha juu ya kichwa, iliongezewa weusi huo na NASA kabla ya kusambazwa ili ipendeze kwenye ukurasa. Ningependa jambo hilo liandikwe wazi chini ya kila nakala yake. Hakuna kilichofichwa, kwani filamu yenyewe imeshachanganuliwa na iko wazi kwa yeyote, lakini msomaji ana haki ya kujua kwamba anga lile la juu halikutoka kwenye lenzi.

Ile picha ya Dunia nzima iliyopigwa na Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, inayoonyesha karibu Afrika yote hadi barafu ya Antaktika, mwambao wetu na Madagaska vikiwa wazi kabisa, nayo ilipigwa kusini kukiwa juu. Wahariri ndio walioigeuza ili ifanane na ramani tulizozizoea.

Mipangilio ya mwanga ilirahisishwa. Kwa kawaida lenzi ilifunguka kwa sehemu 1 ya 250 ya sekunde, na tundu la lenzi (namba ya f ikipungua, tundu hupanuka) lilichaguliwa kwa kuangalia Jua liko upande gani: f/11 likiwa mgongoni, f/8 likiwa ubavuni, f/5.6 ukilielekea au ukipiga kitu kilicho kivulini. Maelekezo haya yalibandikwa kwenye kasha la filamu lenyewe, ili mtu ayaone bila kutoa kitabu.

Ndani ya kamera, mbele kidogo ya filamu, kulikuwa na kioo chembamba kilichochorwa misalaba 25, safu tano za mitano, kila mmoja milimita 10 kutoka kwa mwenzake, na ule wa katikati ukiwa mkubwa zaidi. Kila picha ilichapwa misalaba hiyo. Kazi yake ni ya upimaji: filamu ikisinyaa au kuvutika wakati wa kusafishwa, umbali kati ya misalaba utabadilika, na mtaalamu atajua arekebishe kiasi gani kabla ya kupima pembe na umbali wa vitu vilivyo pichani. Baadhi ya watu wameona msalaba ukikatika penye kitu cheupe sana, kama vazi au bendera, wakadhani kitu hicho kimebandikwa juu ya picha. Kilichotokea ni kwamba mwanga mkali ulienea ndani ya tabaka la filamu na kumeza mstari ule mwembamba. Tafuta filamu iliyochanganuliwa kwa ubora mkubwa na mara nyingi utauona msalaba umefifia tu. Kioo hicho kilileta hatari pia. Filamu ikipita juu yake kwenye mahali pasipo na unyevu wala hewa, umeme tuli hujikusanya na kutoa cheche ambazo zingeacha alama kwenye picha. Dawa yake ilikuwa kukipaka upande unaoelekea filamu tabaka jembamba mno linalopitisha umeme, ili chaji isipate nafasi ya kujikusanya.

Kazi ilipokwisha, kasha la filamu lilichomolewa na kurudishwa nyumbani, na kamera ikaachwa, kwa kuwa kila kilo iliyoachwa ilikuwa nafasi ya kilo ya mawe. Kamera 12 za Hasselblad zimebaki huko. Makasha ya Apollo 11 yalipofika kituo cha NASA cha Houston yaliwekwa karantini kama walivyowekwa wanaanga, kwa hofu ya vijidudu visivyojulikana. Fundi mmoja wa picha alifungua kasha ambalo Armstrong alikuwa amelidondosha Mwezini, akagusa vumbi lake jeusi kwa mkono mtupu. Na yeye akaingizwa karantini.

Basi nani alimpiga Armstrong akishuka ngazi?

Swali hili huulizwa kila Julai, na chanzo chake ni kuchanganya kamera tatu tofauti. Zile picha za ukungu za mtu akishuka ngazi ni za runinga. Kamera ndogo ya runinga ilikuwa imefungwa ubavuni mwa chombo, kwenye sanduku la vifaa, na Armstrong alipofika juu ya ngazi alivuta kishikio, sanduku likafunguka na kamera ikawa imeelekea ngazi. Ilituma picha 10 tu kwa sekunde, zenye mistari 320, mfumo ambao vituo vya runinga vya kawaida havikuweza kuupokea. Kwa hiyo mawimbi yaliyodakwa kwenye vituo vya Marekani na Australia yaliwekwa kwenye skrini maalumu, na kamera nyingine ikaelekezwa kwenye skrini hiyo. Ukungu ule ulitokea hapa duniani.

Kamera ya pili ilikuwa ya filamu ya milimita 16, imefungwa kwenye dirisha la Aldrin, inatazama chini. Ya tatu ni Hasselblad, ambayo wakati huo bado haijatoka ndani ya chombo.

Ukizitenganisha hizi tatu, utaelewa pia ile habari kwamba NASA ilipoteza picha za Mwezini. Zilizopotea ni kanda za data zilizokuwa na mawimbi asilia ya runinga ya Apollo 11. Uchunguzi wa NASA wenyewe uliona kwamba yaelekea zilifutwa na kutumiwa tena. Matangazo yaliyorushwa hewani siku hiyo yapo, na filamu za Hasselblad hazikupotea, zimehifadhiwa Houston kwenye chumba cha baridi kali.

Na ile ya runinga ya Apollo 17 ikiondoka Mwezini, kamera ikiifuata angani wakati wote wameshaingia? Kamera ilikuwa kwenye gari waliloliacha, ikiongozwa kutoka Houston na Ed Fendell. Amri ya redio huchukua zaidi ya sekunde moja kufika Mwezini, na picha huchukua muda kama huo kurudi, kwa hiyo ilimbidi atume amri ya kuinua kamera kabla hajaona chombo kikiruka. Alishajaribu kwenye safari zilizotangulia bila kufanikiwa vizuri. Desemba 1972 alipatia.

Nyota, vivuli na bendera

Nyota hazionekani kwa sababu hazikuwa kazi ya kamera ile wakati ule. Wanaanga walitua asubuhi ya Mwezi, Jua likiwa chini angani, kwenye Apollo 11 kama nyuzi 10 hadi 15 hivi, ili vivuli virefu viwasaidie kuona mashimo wakati wa kutua na ili joto lisiwe kali. Mbele ya kamera kulikuwa na udongo unaomulikwa na jua na mavazi meupe. Sehemu 1 ya 250 ya sekunde inatosha kwa vitu hivyo, lakini haitoshi kabisa kwa nyota. Piga picha ya wachezaji chini ya taa za uwanjani usiku kule Taifa au Kasarani, kisha utafute nyota juu yao. Anga la Mwezini ni jeusi mchana kwa sababu hakuna hewa ya kutawanya mwanga, si kwa sababu ni usiku.

Vivuli vinahitaji uvumilivu zaidi. Mistari inayokwenda sambamba ardhini, ikipigwa kwa lenzi pana, pichani huonekana inakutana au inaachana kutegemea uliposimama. Ongeza mabonde na vilima vidogo, kivuli kimoja kitarefuka kikishuka mteremko na cha jirani kitafupika kikipanda. Kama kungekuwa na taa mbili, kila kitu kingekuwa na vivuli viwili, na hilo hulioni.

Wengine huuliza imekuwaje mtu aliyesimama kwenye kivuli cha chombo anaonekana vizuri wakati hakuna hewa ya kusambaza mwanga. Jibu liko miguuni pake. Udongo wa Mwezi kwa kweli ni mweusi, kwa wastani uso wake hurudisha kama asilimia 12 tu ya mwanga unaoupata, lakini ni uwanja mkubwa usio na kikomo unaomulikwa na Jua lisilochujwa na kitu. Mwanga unaorudi kutoka huko unatosha kumwonyesha mtu mwenye vazi jeupe. Udongo huo una tabia nyingine: hurudisha mwanga kwa nguvu zaidi kuelekea ulikotoka. Ukilipa Jua mgongo, punje zote unazoziona mbele yako zimeficha vivuli vyake nyuma yake, na eneo linalozunguka kivuli cha kichwa chako hung'aa kuliko kwingine. Ndiyo maana baadhi ya picha zina duara la mwanga ambalo watu wamelidhania taa ya studio.

Bendera ya Apollo 11 ilikuwa na fimbo ya kulala iliyopita kwenye upindo wa juu, kwa sababu bila hewa ingening'inia tu. Fimbo hiyo haikuvutika hadi mwisho, kitambaa kikabaki na mikunjo, na mikunjo ikabaki ilivyo. Ilipokuwa ikitikisika ni wakati mlingoti ulipokuwa unazungushwa ili uingie ardhini. Tazama picha mbili zilizopishana muda na utaona mikunjo ileile, mahali palepale.

Na kwa anayetaka ushahidi wa kamera mbili kwa tukio moja, aende Apollo 16, Aprili 1972. John Young aliruka juu huku akiipigia bendera saluti, na Charles Duke akampiga picha akiwa hewani. Kamera ya runinga iliyokuwa kwenye gari lao ilirekodi mruko uleule kutoka upande mwingine. Unaweza kumwona Duke akipiga ile picha unayoijua.

Kigoda cha miguu mitatu kando ya jiwe

Picha za Apollo ninazozipenda kuliko zote hazina watu ndani yake. Zina jiwe, udongo, na kando yake kifaa kidogo cha miguu mitatu chenye fimbo inayoning'inia katikati. Kinaitwa gnomoni. Ukiwahi kuvinjari makasha ya Apollo 15, 16 na 17 umekiona mara nyingi ukapita.

Fimbo ya katikati hujiweka wima yenyewe, hata ardhi iwe imeinama vipi. Kivuli chake huonyesha Jua liko wapi na juu kiasi gani. Urefu wake unajulikana, hivyo kila kitu kilicho karibu nacho kinaweza kupimwa. Mguu mmoja umepakwa vipande vya kijivu na vya rangi ambavyo vilipimwa duniani kabla ya safari, kwa hiyo filamu ikibadilisha rangi kwenye dawa za kusafishia, mtaalamu ana kipimo cha kurudia. Kifaa kidogo kimoja kinatoa wima, dira, kipimo na rangi.

Utaratibu wa kuokota jiwe ulikuwa hivi. Mwanaanga anaweka gnomoni kando ya jiwe. Anapiga picha Jua likiwa ubavuni, anasogea hatua moja pembeni na kupiga tena, ili picha hizo mbili zikitazamwa pamoja zitoe kina. Anapiga nyingine Jua likiwa mgongoni kwa ajili ya rangi. Mwenzake anaokota jiwe na kulitia kwenye mfuko wenye namba, na namba inasomwa redioni. Kisha picha nyingine ya mahali palepale, jiwe likiwa halipo. Mwisho, picha moja kuelekea gari au kilima fulani, ili ijulikane yote haya yalifanyika wapi. Picha tano au sita kwa jiwe moja, katika mavazi magumu, hewa ikihesabiwa kwa dakika.

Kulikuwa na haja gani? Jiwe likishaingia mfukoni linapoteza nusu ya habari zake. Upande uliokuwa juu umepigwa na vimondo vidogo sana na mionzi ya anga kwa mamilioni ya miaka, uliokuwa chini haukupigwa. Huko Houston, mafundi walichukua jiwe lenyewe, wakaliweka chini ya taa moja kali, wakaligeuzageuza mpaka vivuli vyake vikalingana na vile vya kwenye picha. Hapo wakajua lilikaaje Mwezini.

Ndivyo ilivyokuwa kwa jiwe namba 15415, lile jeupe ambalo David Scott na James Irwin walilikuta kwenye kreta (shimo lililochimbwa na kimondo) ya Spur tarehe 1 Agosti 1971, limekaa juu ya bonge la udongo. Lina zaidi ya miaka bilioni 4, ni kipande cha ganda la kwanza la Mwezi. Lilipigwa picha mahali pake kabla ya kuguswa.

Desemba 1972, kando ya kreta ya Shorty kwenye bonde la Taurus-Littrow, Harrison Schmitt, mwanajiolojia pekee kati ya watu 12 waliokanyaga Mwezi, alitifua udongo kwa buti na kuona rangi ya machungwa. Mwezini hakuna rangi. Kila kitu ni kijivu, kahawia hafifu au cheupe, na kioo cha kofia kimepakwa dhahabu, kwa hiyo jicho linaweza kudanganywa. Schmitt aliinua kioo hicho kuhakikisha. Bado ilikuwa ya machungwa. Yeye na Gene Cernan hawakukimbilia kuchota. Walisimamisha gnomoni, wakachimba mfereji mfupi, wakapiga picha za ukuta wake, kijivu pembeni na machungwa katikati, vipande vya rangi vikiwa ndani ya picha hiyohiyo. Mtu yeyote duniani angeweza kulinganisha rangi ya udongo na rangi ya mguu wa kifaa na kusema kama walikosea.

Hawakukosea kuhusu rangi. Walichodhania, kwamba huenda ni dalili ya volkano changa, ndicho kilichobadilika baadaye. Udongo huo, sampuli 74220, ni vijigololi vidogo mno vya kioo vilivyorushwa na volkano zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita, vikafukiwa, kisha kimondo kilichochimba Shorty kikavifukua. Picha zilisaidia kuonyesha tabaka lilivyolala, na mpaka leo watafiti wanazirudia wakitaka kujua kila chembe ilitoka upande gani wa mfereji.

Zilipo sasa, na zinazokuja

Tangu 2015, maelfu ya picha hizi, zilizoharibika zikiwa pamoja na nzuri, zimewekwa mtandaoni kwa ubora mkubwa, bure, kasha kwa kasha. Chombo cha LRO, kilichorushwa mwaka 2009 kuuzunguka Mwezi, kimepiga maeneo yote sita ya kutua, na sehemu za chini za vyombo pamoja na njia walizokanyaga wanaanga zinaonekana pale picha za Hasselblad zinaposema zipo.

Kwa safari zijazo za Artemis, mpango wa kurudisha watu Mwezini, NASA iliingia mkataba na Nikon mwaka 2024 kutengeneza kamera itakayotumika Mwezini, inayotokana na Nikon Z9, iliyovishwa blanketi la kuikinga na joto na vumbi na yenye vitufe vinavyoweza kubonyezwa kwa glovu nene. Lengo ni ncha ya kusini. Huko Jua halipandi zaidi ya nyuzi moja na nusu hivi juu ya upeo. Kivuli cha mtu kitafika mbali sana, kila jiwe litakuwa na upande unaowaka na upande usioonekana, na pembeni kuna kreta ambazo ndani yake jua halijaingia kwa mabilioni ya miaka, ndimo wanamotarajia kukuta barafu. Ule mpangilio wa namba tatu uliobandikwa kwenye kasha la Armstrong hautatosha huko. Mpiga picha atalazimika kupata jua kali na giza totoro kwenye picha moja, na atakayezisoma baadaye atahitaji gnomoni, au kitu cha kufanya kazi yake, kando ya kila jiwe.